Kitanzi cha Tatu

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na mimi nimeisikiliza nikiwa kwangu. Kwangu! Naliandika neno hilo kisha nalisoma tena kama mtoto aliyepewa pipi. Juzijuzi tu nilikuwa binti wa watu. Leo nina ufunguo wangu, nina pazia la njano nililolichagua mwenyewe, na nina mume ambaye akivua viatu huvisogeza karibu na vyangu, eti visilale peke yao.

Daftari hili amenipa yeye. "Andika yote," amesema, "hata siku ukinikasirikia." Nimkasirikie kwa lipi, jamani?

Jumamosi, 9 Machi

Tumehamisha vitu vilivyobaki. Nilivipanga kwenye pikapu kwa ustadi mpaka dereva akanisifu: sufuria ndani ya ndoo, viatu ndani ya sufuria, hakuna upenyo wa kupitisha hata kidole. Kila sanduku niliandika mahali pake ndani ya gari ili lisije likakosa nafasi. Sasa mume wangu, mzigo wangu mtamu, akasoma "nyuma kushoto" akadhani ni mahali pake ndani ya nyumba. Sufuria zote nimezikuta chumbani, nyuma, kushoto, kando ya kitanda. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jumatatu, 11 Machi

Msiba. Hapana, hilo ni neno kubwa mno. Tatizo. Karakana ya mama mkwe imesimama.

Mume wangu na mama yake wanafuma masweta. Mashine yao ni ndefu kama kitanda, na inaamrishwa na kompyuta kuukuu kwa programu iliyoandikwa na rafiki wa marehemu baba mkwe. Michoro yote aliyoichora baba mkwe, maua, ndege, mawimbi, imo ndani ya programu hiyohiyo. Rafiki naye alishatangulia, na hakuacha nakala nyingine wala chochote alichotumia kuitengeneza. Leo asubuhi ilipofunguliwa, Windows ikajibu kwamba hii si programu halali. Basi.

Mama mkwe hakupiga kelele. Hapigi kelele kamwe, na ndiyo maana namwogopa. Alikunja kitambaa alichokuwa anafutia mashine, akakikunja tena, akasema, "Shule inataka masweta kabla haijafunguliwa. Wanataka lile ua la marehemu kifuani, si lingine. Mwezi wa nne ukiisha mashine bado bubu, dalali anaibeba kufidia mkopo."

"Mama, nitaitengeneza," nikasema.

Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu vipya. "Wewe, bi harusi?"

"Mimi, Mama. Si ndiyo kazi yangu?"

"Kazi yako ni kufuta vumbi ndani ya kompyuta za watu," akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja rangi ya ukuta.

Nitaitengeneza. Naandika hapa ili nisije nikajisahau.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Nimepeleka nakala ya faili, kwa flashi, kwenye duka la kutengeneza kompyuta ninakofanya kazi. Bosi wangu anaitwa Volti tangu siku umeme ulipomrusha kutoka kiti chake hadi kwa fundi saa wa jirani. Ameniwekea programu ya kutazama faili lilivyo ndani, baiti kwa baiti, yaani chembe kwa chembe, kila moja kwa alama mbili: 4D, 5A, 90, na kadhalika.

"Sharti langu moja," akasema. "La asili haliguswi. Toa nakala, haribu nakala. Umenisikia, bi harusi?"

"Nimekusikia, bosi."

"Na usitabasamu kwenye skrini, wateja watadhani unachati."

Ijumaa, 15 Machi

Nimejifunza jambo zuri sana! Kila programu ya Windows, kubwa au ndogo, huanza na herufi mbili, M na Z. Volti anasema ni za jina la fundi mmoja wa zamani. Hebu fikiria: mtu ameweka alama yake mlangoni, na mpaka leo programu yoyote lazima ipite chini yake.

Nilipomsimulia mume wangu wakati tunaosha vyombo, akachovya kidole kwenye povu akaandika herufi zetu mbili mgongoni mwangu. "Sasa na wewe ni halali," akasema. Sahani imevunjika. Simo mimi.

Jumapili, 17 Machi

Leo nitaandika mengi.

Mchana nililiweka faili letu kando ya programu nyingine nzima isiyo na ugonjwa, nikawa natazama huku na huku. Ile nzima imejaa 00 kila mahali, kama mchele uliomwagika. Ni kawaida: faili linahitaji sehemu tupu, linahitaji mwisho wa maneno, linahitaji namba ndogo zilizoandikwa kwa nafasi kubwa. Kwetu? Nikatafuta 00 moja. Nikaiambia kompyuta itafute. Hakuna hata moja! Mahali pote palipostahili kuwa 00, pamekaa 20.

Na 20 ndiyo baiti ya nafasi, ile unayoiandika ukigusa kitufe kirefu katikati ya neno na neno.

Mume wangu alikuwa anashona kifungo cha shati lake. Nikamwuliza polepole, "Mpenzi, hili faili uliligusa?"

Sindano ikasimama hewani. "Nilikuwa nakutafutia zawadi."

Akanieleza. Alipokuwa mdogo, baba yake alikuwa akimpakata mbele ya ile kompyuta na kumwambia, "Mimi nimo humu ndani. Ukikua utaniona." Basi siku chache baada ya harusi akataka kunionyesha jina la baba mkwe wangu nisiyepata kumwona. Akalifungua faili kwa programu pekee aliyoijua, ile ya kuandikia barua. Akaona madude matupu, ukurasa baada ya ukurasa, na jina hakuliona. Akafunga.

"Ulifungaje?"

"Ikaniuliza, nihifadhi? Nikasema ndiyo."

"Kwa nini ndiyo?"

"Kuhifadhi si jambo jema?"

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote. Ile ya barua haijui baiti tupu. Kila ilipokutana na 00 iliweka 20, kwa adabu zote, ikalihifadhi faili likiwa na urefu uleule na roho imetoka. Sasa kila 20 niionayo ni moja kati ya mawili: ama ilikuwa 20 tangu mwanzo, ama ilikuwa tupu.

"Tumwambie Mama," nikasema.

"Usimwambie. Anadhani ni unyevu wa mvua. Ukishaitengeneza hatakuwa na haja ya kujua."

Sikupenda. Lakini alivyonitazama, nikakubali.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Amenipikia mayai, yakaungua. Nimemaliza yote.

Jumamosi, 23 Machi

Mwanzo wa faili nimeurudisha! Haukuwa mgumu, kwa sababu mwanzo una utaratibu wake, kama fomu ambayo kila chumba chake kinajulikana kinataka nini. Baada ya M na Z, mbele kidogo, kuna namba inayosema kichwa halisi kiko wapi. Kwetu ile namba ilikuwa imejazwa 20 mpaka ikawa kubwa kupita faili lenyewe. Windows ilikuwa inatumwa kutafuta kichwa nje ya mwili! Ndiyo maana ikasema si halali. Nikaweka 00 zake, namba ikapungua, nikaifuata, na nikakuta herufi P na E zikinisubiri, na baada yake zilipaswa kuwa tupu mbili. Nikazirudisha.

Kisha orodha ya sehemu. Programu imegawanywa: sehemu ya amri, sehemu ya data, na ya mwisho ni kabati la picha na maneno, humo ndimo ilimo michoro ya baba mkwe. Nimeligusa kabati hilo kwa kidole kwenye skrini. Volti akafuta alama ya kidole.

Jumatano, 27 Machi

Katika sehemu ya amri nimegeuza 20 zote kuwa 00 kwa mkupuo. Nimewaza hivi: tupu ni nyingi, nafasi za kweli ni chache, basi nibaki na makosa machache. Programu haisemi tena kwamba si halali. Inaanza, kisha inaanguka, na Windows inanitajia anwani ilipoangukia. Nitaifuata anwani, nitairudisha 20 iliyokuwa ya kweli, nitasonga mbele. Naona mwisho kabisa!

Jumatatu, 1 Aprili

Inaanguka palepale.

Jumatano, 3 Aprili

Palepale. Na sasa pia mahali pengine ambapo jana palikuwa pazima.

Mama mkwe alipita dukani na mwavuli. Hakuulizia mashine. Aliuliza kama nakula. Halafu akasema dalali ameshakuja kuipima mashine kwa kamba, aone kama itapita mlangoni.

Jumapili, 7 Aprili

Mjinga mimi! Mjinga mwenye furaha!

Nilikuwa natafuta sufuria kubwa, nikaona sanduku limeandikwa "nyuma kushoto" kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nikasimama katikati ya jiko kama nimepigwa na ile shoti ya Volti.

Faili likiwa kwenye diski limepangwa kama pikapu: limebanwa, sehemu imegusana na sehemu. Windows ikiliendesha, hulihamishia kwenye kumbukumbu na kuzitawanya sehemu kama vitu ndani ya nyumba, kila moja chumba chake, na nafasi katikati. Ile anwani ya kuanguka ilikuwa ya ndani ya nyumba. Mimi nikawa naitafuta ndani ya gari! Siku zote hizi nimekuwa nabadilisha baiti nzima zisizo na hatia, na ile mbovu imekaa kwake inanicheka.

Na dawa ilikuwa mbele ya macho yangu. Ile orodha ya sehemu ina namba mbili kwa kila sehemu: mahali pake kwenye diski na mahali pake kwenye kumbukumbu. Unatoa ya nyumba, unajumlisha ya gari, umefika.

Nimemkumbatia mume wangu, nikamwambia alipopeleka sufuria chumbani alinifundisha.

"Mimi niliona mapema," akasema. "Nilikuwa nasubiri tu uelewe."

Mwongo mzuri huyu!

Jumatatu, 8 Aprili

Nimeanza upya na nakala safi. Volti: "Ndiyo maana nilisema la asili haliguswi." Amelirudia siku nzima, mpaka kwa mteja aliyeleta redio.

Jumamosi, 13 Aprili

IMEFUNGUKA. Imefunguka, imefunguka! Baada ya kila kuanguka nilifuata hesabu, nikairudisha 20 ya kweli, nayo ikasonga hatua. Leo haikuanguka, na dirisha la kijani likatokea kwenye skrini ya dukani. Volti alizima feni ili aone vizuri, sijui kwa nini.

Inasema kwa kukatakata, maana nafasi katikati ya maneno nazo nilizigeuza tupu, na programu ikikutana na tupu hudhani sentensi imekwisha. Badala ya "Chagua mchoro" inasema "Chagua." Badala ya "Hakikisha uzi upo" inasema "Hakikisha."

"Mkali kama mama mkwe wako," Volti akasema.

Jumanne, 16 Aprili

Maneno yote nimeyarudisha. Na michoro pia! Humo namo 20 zote nimezifanya tupu, na maua yametoka masafi, hayana hata doa. Jumamosi tunafuma la majaribio mbele ya Mama. Natembea juu ya mawingu, ingawa yenyewe yanamwagika kila siku.

Jumamosi, 20 Aprili

Mashine imefuma. Sauti yake! Kama watu wengi wakipiga makofi kwa mbali. Mume wangu alinishika mkono chini ya meza. Sweta likatoka, jekundu, na ua jeupe kifuani.

Mama mkwe akalitandaza mapajani. Akapitisha kidole kwenye jani, kwenye shina, akarudia. Kisha akalikunja.

"Hili si lake."

"Mama, ni lilelile," mume wangu akasema. "Limetoka mlemle."

"Nimefuma ua hili kabla hujaota meno. Majani yake yana mishipa. Haya yamenyolewa." Akaniwekea sweta mikononi, polepole. "Bora dalali achukue mashine kuliko mimi niuze hili kwa jina lake."

Akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Nimekaa kitandani na sweta, sasa naelewa. Katika michoro, kila baiti ni kundi la vitanzi vinane vya uzi vilivyo kwenye mstari mmoja, na inasema vipi vina rangi. 00 ni kundi lisilo na rangi hata moja. Na 20? Ni kundi ambalo kitanzi cha tatu peke yake ndicho chenye rangi. Mishipa ya majani ilikuwa kitanzi kimojakimoja. Mimi, kwa kupenda usafi, nimeifuta yote. Na faili haliwezi kuniambia ipi ilikuwa mshipa na ipi ilikuwa tupu. Halijui tena. Hakuna hesabu ya kunivusha hapa.

Anayejua ni mmoja, na tumemficha.

Jumapili, 21 Aprili

Asubuhi nilimwambia mume wangu, "Mficha uchi hazai. Twende."

"Atanichukia."

"Akikuchukia nitakupenda mara mbili, pengo lisionekane."

Tukaenda. Alimwambia mwenyewe, amesimama kama mwanafunzi, na hakuacha kitu: zawadi, ile programu ya barua, swali la kuhifadhi, ile ndiyo. Mama mkwe alisikiliza akiwa anachambua nyuzi.

"Kwa hiyo si mvua," akasema.

"Si mvua, Mama."

"Na mimi nimeitukana mvua mwezi mzima." Akaweka nyuzi chini. "Ulikuwa unatafuta nini humo, mwanangu?"

"Baba alisema yumo ndani. Nilitaka mke wangu amwone."

Nilidhani ndiyo mwisho wetu. Kisha Mama akainuka, akavuta sanduku chini ya kitanda, akaanza kutoa masweta: la mume wangu la utotoni, lenye kiwiko kilichotoboka; lake mwenyewe la bluu, la mwaka wao wa kwanza wa ndoa; na mengine, kila moja na mchoro wake.

"Wewe mwenye kompyuta," akaniambia, "mimi nisome, wewe uandike. Unataka nisomeje?"

Nilimwonyesha makundi ya vinane, nikayagawa kwa pini. Alishika mara moja. Akalitwaa lenye ua, akalisoma kama mtu anayesoma jina lake: "Tupu. Tupu. Cha tatu. Tupu. Hapa mchanganyiko, vitanzi kadhaa vina rangi, hii unayo?"

"Ninayo, Mama. Nipe tupu na za cha tatu peke yake tu."

"Cha tatu. Tupu. Na wewe, mwanangu, lete taa huku, usisimame kama nguzo."

Mara moja alicheka nilipokosea mstari. Sikuwahi kuona meno yake. Ana mwanya! Mume wangu ana mwanya uleule!

Tulifika chini kwenye pindo, ambako hakuna mchoro kabisa. "Tupu, tupu, tupu," akasema, akakunja uso. "Hapa cha tatu. Hiki usikiandike, ni kasoro. Sindano ya marehemu ilikuwa inaruka. Miaka yote nilimgombeza: mzee, sindano yako inaruka. Yeye anacheka tu."

Nikaandika tupu. Tukachukua sweta la utotoni. Kwenye pindo, kitanzi kimoja cheupe.

Tukachukua la bluu. Kitanzi kimoja.

Nikaweka kalamu chini. "Mama, sindano mbovu hukosea vipi?"

"Hukosea njia yote, kutoka chini mpaka ju..." Hakumaliza.

Sindano inayoruka ingeacha mstari mrefu. Hiki kilikuwa kitanzi kimoja, kwenye pindo, kwenye kila sweta, dogo na kubwa, la ua na la ndege, upande wa kushoto, kundi lilelile. Hakikuruka. Kilichorwa.

Mume wangu alipiga magoti, akaweka kidole juu yake. "Ndiye huyu," akasema. "Alisema nitamwona."

Mama hakulia mbele yetu. Alisema anakwenda kuangalia kama mvua imeingia dirishani, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Jumamosi, 27 Aprili

Michoro yote imerudi. Nimehifadhi nakala dukani, nyumbani, karakanani, na moja Volti anayo mfukoni, anasema itazikwa naye. Mume wangu amekatazwa na mama yake kujibu ndiyo kwa kompyuta yoyote.

Dalali alikuja na kamba yake. Mama alimwambia apime mlango wa kutokea.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua imepungua, imebaki ile ya kunong'ona. Masweta ya shule yanatoka moja baada ya jingine, mishipa na yote. Shule inayapokea Jumatatu.

Mchana nilimletea Mama maji. Haniiti tena bi harusi. Ananiita mwanangu, na kila akiniita hivyo mume wangu anajifanya ana wivu. Nilimkuta ameshika sweta lililotoka sasa hivi, bado lina joto la mashine. Hakulitazama ua. Aligeuza pindo, upande wa kushoto, akakipata kile kitanzi cheupe, akakisugua kwa kidole gumba.

Kisha akainama karibu na mashine, karibu kabisa, kama mtu anayetaka asisikiwe na wengine.

"Mzee," akaiambia, "sindano yako inaruka."

Akacheka, mwanya wazi.